Macho ya Mwendeshaji: Baiskeli, Bodaboda na Skrini ya Kichwani katika Nchi ya Chai

Skrini ya kichwani ni kioo kidogo cha kielektroniki kinachokaa mbele ya jicho, kwenye miwani au ndani ya helmeti, na kumwonyesha mwendeshaji ramani, mwendo wake, simu inayoingia au gari lililo nyuma yake bila yeye kuinamisha kichwa. Katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya kifaa hiki bado ni kigeni. Swali linaloletwa nacho, hata hivyo, limekuwepo tangu baiskeli zilipoanza kupita kati ya mashamba ya chai: je, kifaa kipya kinamsaidia mwendeshaji kuiona barabara, au kinamnyang'anya macho? Taa ya dainamo, redio ya betri, simu ya mkononi na vipokea sauti vya masikioni vyote vimepitia swali hilo. Kila mara kifaa kilitangulia, madhara yakafuata, na kanuni zikaja mwisho.

Barabara zilizojengwa kwa ajili ya majani

Reli ya Uganda ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mwaka 1901. Njiani ilipitia Londiani na Lumbwa, kituo ambacho sasa kinaitwa Kipkelion. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwagawia maafisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani sehemu ya ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho ili walime kitani. Bei ya kitani ilipoanguka mradi huo ulisambaratika, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na kupanda chai kwa maelfu ya ekari.

Chai ndiyo iliyochora ramani ya barabara. Jani likishachumwa halina subira: likikaa muda mrefu kwenye gunia linapata joto na kuharibika, kwa hiyo lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo. Ndiyo maana mashamba makubwa yalikatiwa njia nyingi fupi za kuelekea kiwandani, na kutoka kiwandani chai iliyokaushwa ikapelekwa kwenye reli. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuwafungulia Waafrika kilimo cha mazao ya biashara, na hasa baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Ustawi wa Chai, KTDA, mwaka 1964, mtandao huo ulienea hadi kwa wakulima wadogo wa Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Silibwet. Mikopo ya shirika la IDA, tawi la Benki ya Dunia, ilisaidia kujenga barabara za chai katika miaka ya 1960.

Barabara hizo zina tabia zake. Chai hupandwa kwenye miinuko iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya mwinuko mmoja na mwingine kuna kijito. Njia hushuka kwa kasi hadi darajani kisha hupanda tena. Nyingi ni za marram, yaani udongo wa changarawe, nyembamba, na kona zake zimefichwa na michai au na mikaratusi inayopandwa kwa ajili ya kuni za viwandani. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na mvua ya mawe ni adui anayejulikana na kila mkulima. Asubuhi ukungu hulala bondeni. Trekta la majani, lori la KTDA, ng'ombe wanaorudi boma na watoto wa shule hutumia njia hiyohiyo moja. Mwendeshaji wa magurudumu mawili hapa ana muda mfupi sana wa kuona na kuamua.

Baiskeli ya breki za vyuma

Baiskeli yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo, kama ile ya Rover iliyobuniwa na John Kemp Starley huko Coventry mwaka 1885, ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki pamoja na reli, misheni na ofisi za serikali. Katika nchi ya chai ilikuwa kwanza chombo cha mwenye mshahara: karani, mwalimu, mhubiri, nyapara wa shamba. Wafanyakazi waliotoka Nyanza, Kisii na nchi ya Waluhya kuja kuchuma chai waliweka akiba ili wanunue yao. Ilikuwa baiskeli nzito, nyeusi, isiyo na gia za kubadilisha, iwe Raleigh ya Nottingham au, miaka ya baadaye, Hero ya India na Phoenix ya China. Wakenya waliipa jina la nyoka, Black Mamba.

Vifaa vyake vya usalama vilikuwa vitatu: breki, kengele na taa. Breki zilikuwa za fimbo za chuma zilizovuta vipande vya mpira dhidi ya ukingo wa gurudumu. Ukingo huo wa chuma ukilowa, mpira huteleza, na baiskeli huendelea kushuka kana kwamba haikushikwa. Kwenye mteremko wa marram baada ya mvua mwendeshaji mwenye busara alishuka na kuikokota, kama alivyoikokota kupanda upande wa pili. Taa ilipata umeme kutoka dainamo iliyosuguana na tairi, kwa hiyo ilififia kwenye mwinuko mwendo ulipopungua, ikang'aa sana kwenye mteremko, na kuzimika kabisa baiskeli iliposimama. Yaani pale njia panda, ambapo mwendeshaji alihitaji zaidi kuonekana, alikuwa gizani. Somo la kwanza la vifaa vya barabarani liko hapo: kifaa hupimwa kwa kinavyofanya kazi mahali pa hatari, si kwa kinavyofanya kazi mahali tambarare.

Redio ndogo za betri ziliposhuka bei, wapo waliozifunga kwenye usukani au kwenye keria. Redio haikuhitaji kutazamwa isipokuwa wakati wa kutafuta stesheni, na mwendo wa baiskeli ulikuwa mdogo. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza mwendeshaji kubeba sauti ya mbali inayoshindana na mlio wa lori la nyuma.

Bodaboda yapanda mlima

Kazi ya kubeba abiria kwa baiskeli ilianza mpakani mwa Kenya na Uganda, maeneo ya Busia na Malaba, katika miaka ya 1960, na jina bodaboda likatokana na mpaka huo, kwa Kiingereza “border”. Ilistawi kwenye nchi tambarare kama Kisumu. Kericho na Bomet haikupata nafasi kubwa, kwa sababu hakuna anayelipa nauli ili ashuke na kutembea kila mwinuko. Mtu na mzigo wake walitegemea matatu kwenye lami, na miguu au punda kwenye marram.

Pengo hilo lilizibwa na pikipiki. Katika bajeti ya mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, zisizozidi cc 250. Pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini zilikuwa chini ya 4,000 mwaka 2005. Mwaka 2011 zilizidi 140,000. Katika nchi ya chai pikipiki ilipanda mlima ambao baiskeli ilishindwa kuupanda. Ilibeba mama mjamzito usiku, debe la maziwa, gunia la mbolea na mwanafunzi aliyechelewa. Steji za vijana waliovaa makoti mazito na gambuti zikaota kwenye kila njia panda, na pikipiki nyingi zikafungwa mwavuli mkubwa kwa sababu ya mvua.

Gharama yake ilionekana hospitalini. Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa Bomet mwaka 1937, imekuwa miongoni mwa vituo vinavyopokea majeruhi wengi wa pikipiki, wenye mifupa iliyovunjika na vichwa vilivyoumia. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ikamtaka mwendeshaji wa pikipiki kuvaa helmeti na koti la kuakisi mwanga na kubeba abiria mmoja tu. Faida ya helmeti haina ubishi: mapitio ya tafiti za nchi nyingi yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ila katika baridi ya Kericho helmeti ya kufunika uso ina kasoro yake. Mvuke wa pumzi hutanda kwenye kioo, matone ya mvua huongezeka juu yake, na mwendeshaji hulazimika kukiinua kioo ili aone. Kuona vizuri na kujikinga havikuwa vitu vinavyokwenda pamoja bila matunzo.

Simu ndani ya helmeti

Safaricom na Kencell zilianza kushindania wateja wa simu za mkononi mwaka 2000, na M-Pesa ikazinduliwa Machi 2007, mwaka mmoja tu kabla ya kodi ya pikipiki kuondolewa. Bodaboda na simu vilikua pamoja. Mteja wa Chepseon au Mulot haendi steji kumtafuta mtu, humpigia anayemfahamu. Nauli hulipwa kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha malipo husomwa kwa simu. Kwa mwanabodaboda simu inayolia ni pesa, na simu isiyopokelewa ni abiria aliyechukuliwa na mwingine.

Kutokana na hali hiyo ulizaliwa ufundi unaoonekana kote nchini: simu husukumwa kati ya sikio na pedi ya helmeti, ikabanwa hapo, na mazungumzo yakaendelea mikono ikiwa kwenye usukani. Kwa namna hiyo simu ikawa kifaa cha kielektroniki cha kuvaliwa kichwani kwenye barabara za chai. Ufundi huo uliondoa tatizo la mkono mmoja kuacha usukani, ukaacha mawili mengine. Helmeti iliyobanwa simu haikai sawasawa, na kitu kigumu kimewekwa pale ambapo pedi ingepaswa kunyonya pigo. Pia akili iliyo kwenye mazungumzo ya bei haiko kwenye shimo lililo mbele. Baadaye vilikuja vipokea sauti visivyo na waya, vinavyoondoa tatizo la pedi lakini vinaziba sikio, na vishikio vya kufunga simu janja kwenye usukani, vinavyomfanya mwendeshaji atazame chini.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu chombo kikiwa kwenye mwendo. Kosa linalolengwa hapo ni simu. Skrini isiyoshikwa mkononi, iliyo mbele ya jicho, ilikuwa bado iko mbali na mawazo ya wengi waliotumia barabara za Kenya, ingawa kwingineko ilikwishaanza kuuzwa.

Skrini mbele ya jicho

Mwaka 1968 Ivan Sutherland, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha kifaa kilichoweka michoro ya kompyuta mbele ya macho ya mvaaji. Kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa kutoka darini. Wakati huohuo majeshi ya anga yalikuwa yakiwawekea marubani tarakimu kwenye kioo cha mbele ili wasiiname kutazama mita, na ndoto ya kumpa kila mtu kitu kama hicho ikatoka huko.

Kwa waendeshaji ndoto hiyo ilikaribia katika miaka ya 2010. Google ilianza kuwauzia watu wachache Google Glass mwaka 2013 kwa dola 1,500, kisha ikasimamisha mauzo hayo Januari 2015. Kampuni ya Recon Instruments ya Vancouver ilitoa miwani ya waendesha baiskeli, Recon Jet, yenye skrini ndogo chini ya jicho la kulia. Intel iliinunua mwaka 2015 na kuifunga mwaka 2017. Garmin ilitoa Varia Vision mwaka 2016, skrini ya kubandikwa kwenye miwani ya jua, iliyoweza kuunganishwa na rada inayoonya kuhusu gari linalotoka nyuma. Kwa upande wa pikipiki, Skully AR-1 ilikuwa helmeti yenye skrini na kamera ya kuonyesha nyuma. Ilichangiwa zaidi ya dola milioni 2 na watu wa kawaida kwenye intaneti mwaka 2014, na kampuni ikafilisika mwaka 2016 wengi wao hawajapata walicholipia.

Bei, betri na biashara mbovu vilichangia kuanguka huko, lakini tatizo la msingi lilikuwa la macho na akili. Skrini ya aina hii hutumia lenzi kuifanya picha ionekane kama iko mita kadhaa mbele. Jicho halilazimiki kuhama kutoka mbali hadi kwenye kiganja, na hapo kifaa kina faida ya kweli. Ila jicho kuelekea mbele si sawa na akili kuona kilicho mbele. Katika majaribio ya NASA yaliyochapishwa mwaka 1980, marubani walitua kwa mashine ya kuigiza urukaji huku wakitumia tarakimu za kwenye kioo. Ndege nyingine iliwekwa kwenye njia ya kutua, na baadhi yao hawakuiona kabisa ingawa walikuwa wakitazama upande huohuo. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaambia watu wahesabu pasi za mpira kwenye video. Karibu nusu hawakumwona mtu aliyevaa kama sokwe akipita katikati ya wachezaji. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Central Florida waliwapima madereva waliotuma ujumbe kwa Google Glass na kwa simu. Glass ilipunguza kiasi cha usumbufu lakini haikuuondoa.

Mahakama nazo zilipata kazi. Oktoba 2013 dereva mmoja mwanamke aliandikiwa kosa huko San Diego, California, kwa kuendesha akiwa amevaa Google Glass. Januari 2014 shtaka likatupwa kwa sababu haikuthibitishwa kwamba kifaa kilikuwa kimewashwa. Kesi hiyo ilionyesha ugumu ambao polisi yeyote wa barabarani atakutana nao: simu ya mkononi huonekana ikitumiwa, lakini kilicho ndani ya miwani hukijua mvaaji peke yake. Usalama wa kifaa hiki kwa hiyo hubaki zaidi kwenye mazoea ya mtumiaji kuliko kwenye faini.

Matumizi salama kwenye barabara za chai

Mazoea hayo yanaweza kujengwa juu ya mambo ambayo baiskeli na bodaboda zimekwisha kuyafundisha. Kipimo cha kwanza ni umbali. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni zaidi ya mita 8 kwa kila sekunde. Sekunde mbili za kusoma ujumbe ni karibu mita 17 bila dereva. Kwenye mteremko wa kilomita 40 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 33. Kona nyingi za njia za chai hazimpi mtu mita 33 za kuona mbele.

Njia na ramani hupangwa kabla ya kuondoka, chombo kikiwa kimesimama. Skrini hubakishwa na tarakimu chache, kama mwendo na mshale wa njia, na ujumbe pamoja na simu huzimwa. Kama kuna simu ya kazi, mwendeshaji huegesha kando mahali anapoonekana ndipo apokee. Skrini huwekwa pembeni ya upeo wa jicho, kwa kuwa iliyo katikati huficha kitu kidogo kilicho mbali, na kitu kidogo kilicho mbali kwenye barabara za Bomet mara nyingi ni mtoto. Huangaliwa mara moja tu, kwenye sehemu iliyonyooka na tupu. Kwenye mteremko, daraja jembamba, njia panda, steji, lango la shule na kituo cha kununulia majani huzimwa au kupuuzwa.

Hali ya hewa ina sheria zake. Kwenye ukungu mwanga wa skrini hufanya weupe ulio mbele uzidi kuwa mgumu kupenya, na usiku skrini yenye mwanga mkali hulifanya jicho lisizoee giza. Mvua huacha matone kwenye lenzi, na jicho hujikuta likitafuta tarakimu nyuma ya tone. Katika hali hizo zote njia salama ni kukizima kifaa na kupunguza mwendo. Masikio yote mawili hubaki wazi, maana trekta lililo nyuma ya kona husikika kabla ya kuonekana.

Kichwa chenyewe kinahitaji ulinzi. Helmeti haitobolewi wala kukatwa pedi ili kuweka kifaa, kwa sababu ganda lililotobolewa na pedi iliyopunguzwa havinyonyi pigo ipasavyo. Kioo kigumu au waya ulio karibu na jicho unaweza kulijeruhi mtu akianguka, kwa hiyo kifaa kinachong'oka kirahisi kinapogongwa ni bora kuliko kilichofungwa kwa skrubu. Mtumiaji mpya hujizoeza kwenye uwanja au njia isiyo na magari mpaka aweze kukipuuza kifaa, kwani kukipuuza ni ujuzi unaohitajika zaidi kuliko kukisoma.

Uangalifu wa mwendeshaji pia una mipaka. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Kericho, lori lilipoteza mwelekeo na kuwavamia wachuuzi, abiria na wanabodaboda waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Hakuna miwani ambayo ingewaokoa. Hatari ya aina hiyo hupunguzwa na breki za malori kukaguliwa, masoko na steji kuondolewa ukingoni mwa lami, na njia za pembeni kujengwa kwa ajili ya baiskeli na waendao kwa miguu. Skrini ya kichwani, ikitumiwa kwa kiasi, inaweza kumpunguzia mwendeshaji haja ya kutazama chini. Kazi ya kuifanya barabara yenyewe iwe salama ni ya wanaoijenga na wanaoisimamia.